Modemu na Ruta: Vifaa Viwili, Majina Mawili

Utangulizi

Kwa miaka mingi kazi ya kuunda na kusanifu istilahi imetazamwa kuwa ni kazi ya ofisini, ambayo matunda yake huwafaa wafasiri wa mikutano na wanafunzi wa vyuo. Siku hizi istilahi za kiufundi zimeingia sebuleni. Mwalimu aliyepanga nyumba Kihesa, mjini Iringa, na karani wa halmashauri anayeishi Uyole, jijini Mbeya, wote wawili hulazimika kusoma maelezo ya kuunganisha mtandao nyumbani, kuagiza kifaa dukani, na kumweleza fundi kwa simu ni kitu gani kilichoharibika. Matokeo ya mitihani ya taifa hutolewa katika tovuti, na maombi ya mikopo ya elimu ya juu hujazwa huko huko. Kwa hiyo jina la kifaa likikosewa, hasara yake haiishii katika lugha: fedha hupotea, na kazi hulala.

Katika makala haya tunakusudia kuzichambua istilahi mbili, modemu na ruta, pamoja na neno la tatu linaloandamana nazo, yaani waifai. Hoja yetu ni kwamba modemu na ruta ni vifaa viwili vyenye kazi mbili tofauti, na jina hapana budi lifuate kazi ya kifaa, wala si umbo la ganda lake.

Tumetwaa mifano yetu kutoka Mbeya na Iringa kwa sababu mbili. Kwanza, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, hupita katika Nyanda za Juu Kusini kuelekea mpaka wa Tunduma. Na mwaka huo huo waya wa SEACOM upitao chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, ukafuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti na nchi za nje yalitegemea zaidi setilaiti. Pili, Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, ambacho hufunza mafundi na wahandisi; na Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005, ambacho hufunza walimu. Ikiwa fundi atokaye Mbeya na mwalimu atokaye Iringa hawakubaliani juu ya jina la kifaa, mwanafunzi wa sekondari ndiye atakayebaki njia panda.

Banio na kigawa maji

Mkulima wa mpunga katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, au katika tarafa ya Pawaga, mkoani Iringa, ana ujuzi unaoweza kutusaidia hapa. Maji ya mto hayaingii shambani yenyewe. Kwanza hujengwa banio, yaani kizuizi chenye lango, ambalo huyatoa maji mtoni na kuyaingiza katika mfereji mkuu. Kisha, mfereji unapofika mashambani, hujengwa kigawa maji, ambacho huyaelekeza maji katika mifereji midogo ili kila shamba lipate fungu lake. Banio haligawi maji kwa mashamba, wala kigawa maji hakiyatoi maji mtoni. Mwenye kigawa maji bila banio hana maji. Mwenye banio bila kigawa maji ana maji, lakini yako mahali pamoja tu.

Modemu ni banio, na ruta ni kigawa maji. Mwalimu anaweza kuanza somo lake kwa mfano huu, ila asisahau kueleza mpaka wake: maji huenda upande mmoja, kutoka mtoni kwenda shambani, ambapo habari za mtandao huenda na kurudi. Barua pepe tunayoipeleka hutoka nyumbani kwa njia ile ile iliyotuletea magazeti na masomo.

Kazi ya modemu

Kompyuta huhifadhi na kupeleka kila jambo kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Lakini njia inayofika nyumbani haibebi tarakimu, hubeba mawimbi. Waya wa shaba wa simu hubeba mawimbi ya umeme, uzi wa kioo wa mkongo hubeba mwanga, na hewa hubeba mawimbi ya redio kutoka katika mnara. Modemu huzipakia tarakimu zetu juu ya wimbi zinapotoka nyumbani, na huzipakua kutoka katika wimbi zinapoingia. Neno lenyewe, katika lugha lilikotoka, limeundwa kwa kuunganisha mianzo ya maneno mawili: moja lenye maana ya kulibadili wimbi ili libebe ujumbe, na jingine lenye maana ya kuutoa ujumbe katika wimbi hilo.

Kutokana na maelezo haya, msomaji ataona kwamba modemu hutegemea aina ya njia. Modemu ya waya wa shaba haiwezi kutumika kwa mkongo, wala ya mkongo haiwezi kusoma mawimbi ya mnara. Mafundi wa mkongo wana jina lao mahususi kwa kisanduku kinachofungwa ukutani mwa mteja, lakini kwa mtu wa nyumbani kazi yake ni hiyo hiyo ya kupakia na kupakua, na hatuoni sababu ya kumtwisha neno la ziada.

Kazi ya ruta

Ruta haijali kama habari zimeletwa na shaba, kioo au hewa. Yenyewe huanza kazi pale modemu inapoishia, na katika nyumba ya kawaida hufanya mambo manne.

Kwanza, hukipa kila chombo cha nyumbani anwani yake ya tarakimu. Simu janja ya baba, kompyuta mpakato ya mama, runinga na printa, kila kimoja hupata namba ambayo aghalabu huanza kwa 192.168. Pili, huelekeza kila fungu la habari kwa mwenyewe, ili barua ya mama isiende kwenye runinga. Tatu, hutafsiri anwani. Kwa kawaida nyumba nzima hujulikana nje kwa anwani moja tu. Hivyo ruta huibadili anwani ya ndani kuwa ya nje habari zinapotoka, na huibadili tena majibu yanaporejea. Nne, iwapo ni ruta isiyo na waya, huyatangaza hayo yote kwa mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4 au 5, ndani ya nyumba na ua wake.

Jambo hilo la nne ndilo linaloitwa waifai. Viwango vyake vya kwanza vilitolewa mwaka 1997, na jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 1999. Waifai, basi, ni njia ya ndani kati ya ruta na vyombo vya nyumbani. Siyo intaneti. Banio linaweza kuziba huku mifereji yote ya shambani ikiwa mizima. Vivyo hivyo simu inaweza kuonyesha alama kamili ya waifai ilhali hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka.

Majina yanayosikika

Katika mazungumzo ya kila siku, neno modemu limefungamana na kile kijiti kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye nafasi ya laini ya simu. Kijiti hicho kweli ni modemu, ila ni modemu ya aina moja tu. Aliyelizoea neno kwa maana hiyo finyu, akiambiwa kwamba kisanduku cha ukutani nacho ni modemu, hudhani ametaniwa.

Neno ruta, au rauta kama wengine wanavyotamka, limepata mkosi wa kinyume: limetanuka mno. Huitwa ruta kisanduku kilicholetwa na kampuni. Huitwa ruta kifaa kinachotiwa laini ya simu. Huitwa ruta hata kifaa kinachoongeza nguvu ya mawimbi chumbani. Na neno waifai limemeza yote. Bando likiisha, husemwa waifai imeisha. Waya ukikatika barabarani, husemwa waifai imekatika.

Mkanganyiko huu una asili yake. Kampuni nyingi hutoa kisanduku kimoja ambacho ndani yake mna modemu na ruta pamoja. Ganda ni moja, kazi ni mbili. Maadamu kisanduku kinafanya kazi, mwenye nyumba hana haja ya kujua. Haja huja siku anapotaka kununua ruta yenye nguvu zaidi, au siku shule inapoandika orodha ya vifaa vya kununuliwa. Ofisi ikiandika "ruta mbili" ilhali ilihitaji modemu moja na ruta moja, mwenye duka atauza alichoombwa, wala hatakuwa na kosa. Kosa litakuwa la waraka.

Uteuzi wa istilahi

Njia zinazotumika kuunda istilahi za Kiswahili zinajulikana kwa wasomaji wetu. Tunaweza kupanua maana ya neno lililopo, kama lilivyofanyiwa neno mtandao. Kunyambua, kama katika kikokotoo. Kuunganisha maneno, kama katika kipaza sauti na kinasa sauti. Kufupisha, kama katika TEHAMA. Kuazima kutoka lugha zetu nyingine za Kibantu, kama neno ngeli lililotoka Kihaya. Au kutohoa kutoka lugha za kigeni, kama redio na kompyuta.

Kwa kifaa cha kwanza tunaona kutohoa kunatosha. Neno modemu limekwisha kuenea, hutamkika bila taabu, na hufuata ngeli ya modemu hii, modemu hizi. Kinachohitajika ni kuitanua maana yake irejee katika kazi, badala ya kuiacha imebanwa katika kijiti.

Kwa kifaa cha pili kuna washindani. Wafasiri kadhaa wametumia kipanga njia. Muundo wake ni mzuri, kwani unafuata kipaza sauti na kinasa sauti: kiambishi ki-, kitenzi, kisha nomino. Lakini kipanga ni ndege mwindaji, na msomaji asiyeijua dhana huweza kuanza kwa kumwona ndege kabla hajaiona njia. Wengine watapenda kigawa mtandao, kwa mfano wa kigawa maji. Hilo lafaa katika ufafanuzi, lakini lina upungufu, kwa maana ruta kubwa za makampuni hazigawi tu. Huchagua njia iliyo bora kati ya nyingi.

Kwa sababu hizo tunaelekea kulikubali neno ruta, likiandikwa hivyo hata kama baadhi yetu hutamka rauta, kwa kuwa ni fupi na limekwisha kukubaliwa na wauzaji, mafundi na wanunuzi. Masharti yake ni kwamba lisitumike kwa kifaa kisichogawa anwani wala kuelekeza habari.

Hapa tukumbuke neno kishikwambi. Lilipotolewa, wapo waliolicheka. Lakini Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya sensa vishikwambi hivyo viligawiwa walimu. Neno lilifika mkononi pamoja na kitu chenyewe, likakaa. Fundisho lake ni kwamba istilahi hustawi inapoambatana na kifaa na maelezo yake ya matumizi. Kwa hiyo orodha ya maneno peke yake haitoshi. Tunatoa hapa chini mfano wa maelezo yaliyoandikwa kwa istilahi tunazozipendekeza, ili wafasiri na walimu wazione zikiwa kazini.

Mfano wa maelezo: kuunganisha modemu na ruta

1. Zima modemu na ruta. Chomoa adapta zote mbili katika soketi ya ukutani.

2. Unganisha modemu na njia ya kampuni, yaani waya wa simu au uzi wa mkongo. Uzi wa mkongo usikunjwe kwa pembe kali, kwani ndani yake ni kioo. Usichungulie ncha yake. Mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho.

3. Chukua waya wa mtandao. Chomeka ncha moja katika tundu la modemu, na ncha ya pili katika tundu la ruta lililoandikwa WAN. Matundu ya ruta yaliyoandikwa LAN ni ya vyombo vya ndani; usiyatumie kwa modemu.

4. Washa modemu kwanza. Ngoja dakika mbili au tatu, mpaka taa ya njia iache kupepesa.

5. Washa ruta. Ngoja tena.

6. Kwa simu janja au kompyuta, jiunge na waifai ya ruta kwa jina na nywila zilizobandikwa chini ya ganda lake.

7. Fungua kivinjari, uandike anwani ya ruta iliyo kwenye kibandiko hicho hicho. Katika ruta nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1.

8. Badilisha nywila ya msimamizi, kisha nywila ya waifai. Hizi ni nywila mbili: ya kwanza hulinda mipangilio ya ruta, ya pili hulinda mlango wa mtandao. Chagua ulinzi wa aina ya WPA2 au WPA3.

9. Ikiwa kampuni imekupa jina la mtumiaji na nywila ya huduma, yaandike katika sehemu ya intaneti ya mipangilio ya ruta.

10. Ikiwa mtandao haufiki, zima vyote viwili, ngoja, kisha washa modemu kwanza na ruta baadaye. Baadhi ya modemu hukumbuka chombo cha kwanza kilichounganishwa, na hazikubali kingine mpaka zizimwe.

Tafsiri juu ya tafsiri

Kuna hitilafu moja ambayo wafasiri wataielewa upesi. Mtu anunuaye ruta mpya na kuiunganisha na kisanduku cha kampuni kilicho na ruta ndani yake, huwa ameweka ruta mbili mfululizo. Ya kwanza hutafsiri anwani, na ya pili huitafsiri tafsiri. Sisi tunaoshughulika na lugha twajua yanayoyapata maandishi yaliyofasiriwa kutoka katika tafsiri. Kusoma habari kwaweza kuendelea bila tatizo, lakini baadhi ya michezo, kamera za ulinzi na mawasiliano yanayohitaji kuingia nyumbani kutoka nje hushindwa kupata njia.

Dawa yake ni kuiagiza ruta ya ndani ya kisanduku inyamaze, ili kisanduku kibaki modemu tupu. Hali hiyo twaweza kuiita hali ya daraja: habari huvuka bila kubadilishwa anwani. Mwenye nyumba asiyejua kwamba kisanduku chake kina kazi mbili hawezi hata kuliuliza swali hili. Fundi akimwambia, "Weka modemu katika hali ya daraja," naye ameamini kwamba modemu ni kile kijiti cha laini, mazungumzo yameishia hapo.

Nyumba za Nyanda za Juu

Maelezo yanayofasiriwa kutoka nchi nyingine huchukulia kwamba kuta ni za mbao au za ubao mwembamba. Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa ni za matofali ya kuchoma na zimeezekwa mabati. Matofali hudhoofisha mawimbi, na bati huyarudisha. Kwa hiyo mfasiri aongeze yafuatayo: modemu hukaa pale njia ya kampuni inapoingilia, lakini ruta si lazima ikae hapo. Waya mrefu wa mtandao unaweza kuipeleka katikati ya nyumba, mahali pa juu, mbali na makabati ya chuma. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya 5 huwa na kasi zaidi karibu na ruta. Hii nayo ni faida ya kuwa na vifaa viwili.

Mvua za masika huja na radi. Uzi wa kioo haupitishi umeme, lakini waya wa shaba huupitisha, na adapta ya kila kifaa imechomekwa katika umeme. Radi inapokaribia, chomoa adapta za modemu na ruta, na waya wa simu pia kama upo. Aidha, anayeweka betri ya akiba kwa ajili ya umeme kukatika aviunganishe vifaa vyote viwili. Ruta iliyo hai na modemu iliyozimika zitampa waifai bila intaneti.

Mapendekezo

Tunayatoa mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe na wasomaji.

Modemu: kifaa kinachopakia na kupakua habari kati ya tarakimu za kompyuta na mawimbi ya njia ya nje, iwe ya shaba, ya mkongo au ya redio.

Ruta: kifaa kinachovipa vyombo vya ndani anwani na kuelekeza habari kati ya vyombo hivyo na mtandao wa nje. Katika maandishi yaliyokwisha kutumia kipanga njia, neno hilo lieleweke hivyo. Lakini majina mawili yasichanganywe katika waraka mmoja.

Modemu-ruta: ganda moja lenye kazi zote mbili.

Waifai: mawasiliano ya redio kati ya ruta na vyombo vilivyo karibu nayo. Katika nyaraka rasmi huweza kuandikwa mtandao usio na waya.

Intaneti: mtandao wa dunia ulio ng'ambo ya modemu.

Hali ya daraja: mpangilio unaoifanya modemu-ruta ifanye kazi ya modemu peke yake.

Walimu nao tunawashauri wawazoeze wanafunzi wao maswali mawili kila mtandao unapokwama. Je, waifai ipo? Je, intaneti ipo? Kama waifai haipo, tatizo li ndani, na jambo la kwanza ni kuitazama ruta. Kama waifai ipo na intaneti haipo, tuitazame modemu na taa yake ya njia, tuhakikishe bando halijaisha, kisha tuwapigie kampuni simu. Mtumishi anayeripoti kwamba taa ya njia ya modemu imezimika na waifai ipo, humwezesha fundi wa Mbeya kuja na kifaa kinachohitajika kwa safari moja. Yule anayesema tu kwamba waifai imekufa, humfanya aje mara mbili.